Myombo wa Issa na Nzi Wake

Siku ile mliponiaga pale kituo cha wadudu nilipostaafu, baada ya pilau na hotuba, vijana kadhaa mliniomba niandike habari za miaka yangu ya kazi ili zisipotee. Nadhani mlitarajia niseme nilivyopanda vyeo. Nilipanda polepole sana, na mishahara ya serikali mnaijua wenyewe, kwa hiyo hayo tuyaache. Nitawaeleza habari za nzi mmoja. Nimeshughulika na wadudu maisha yangu yote ya utu uzima, lakini hakuna aliyenishangaza kama yeye, na mpaka leo mshangao huo haujanitoka.

Nilianza kazi Nachingwea mwishoni mwa miaka ya arobaini, enzi za ule mradi mkubwa wa Waingereza wa kulima karanga. Nyie mmeikuta Nachingwea imetulia. Wakati ule ardhi ilitetemeka kwa ngurumo za katapila. Mashine mbili zilifungwa mnyororo mzito kati yake, zikatembea sambamba, na msitu wote uliokuwa katikati ukalala chini. Vijana wa kwetu Nkowe walimiminika kutafuta kazi, na waliobahatika wakafundishwa kuziendesha. Mimi, kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka, nilipelekwa kitengo cha wadudu. Nilipomweleza mama, alishika kiuno.

"Wenzio wanang'oa miti mizima mizima, wewe unafukuza nzi? Wajomba zako usiwaambie."

Sikuwaambia.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa wavu, chupa ya kuulia wadudu, kopo la maziwa lililotobolewa matundu, na mrija wa mpira uliounganishwa na kichupa. Mrija huo ni wa kunyonyea wadudu wadogo. Ncha moja unaiweka mdomoni, nyingine unamwelekezea mdudu, unavuta pumzi, naye anaingia kichupani. Ndani yake kuna kipande cha kitambaa cha kumzuia asikufike kooni. Changu kilikuwa kimetoboka na hakuna aliyeniambia. Kwa hiyo mdudu wangu wa kwanza kazini nilimmeza, na mpaka leo sijui alikuwa nani.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa Albano, na huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa Mmakua kutoka ng'ambo ya Ruvuma, Mkristo, mtu mfupi mwenye vidole vinene ambavyo ungedhani vinafaa kushika jembe tu. Kumbe vidole hivyo viliweza kumchoma mbu pini bila kumvunja mguu. Alikuwa mkali kwa jambo moja, hakutaka mtu aseme anamjua mdudu kabla hajamtazama. "Tazama kwanza," alikuwa akisema. "Jina litakuja lenyewe."

Mkubwa wetu alikuwa Mzungu mrefu, mkimya, ambaye watu walimwita Bwana Wadudu hata mbele yake, naye akaitika. Kazi yake ilikuwa vidukari, wale wadudu wadogo weusi wanaofyonza karanga na kuzisambazia ugonjwa wa kudumaa. Vidukari ndio waliotupeleka kwa nzi wa maua. Hao mnawajua, wenye mistari ya njano, wanaosimama hewani kama wametundikwa kwa uzi usioonekana. Funza wa wengi wao hula vidukari, na hula kwa uroho wa kupendeza sana ukiwa ndiwe mwenye karanga. Basi tuliagizwa tukamate kila nzi wa maua tutakayemwona, wa kawaida na asiye wa kawaida.

Huyo asiye wa kawaida tulimwona mvua zilipoanza, mwaka wangu wa pili. Tulikuwa upande wa Ruponda, kwenye msitu uliokuwa bado unangoja zamu ya katapila. Albano alisimama chini ya myombo mkubwa uliogawanyika panda mbili. Kwenye panda palikuwa na shimo, na mbele ya shimo nyuki wachache walikuwa wanazunguka wakivuma. Chini, kwenye gome, mtu alikuwa amekata alama kwa shoka, mikato miwili iliyopishana na mmoja chini yake. Alama za namna hiyo nilizijua tangu utotoni. Kwetu mrina asali akigundua mti wenye nyuki hauchezei. Anaukata alama yake, anakwenda zake, anarudi asali ikiiva. Mwenzake akipita hapo anatazama alama na kuendelea na safari, hata kama mate yanamtoka.

"Twende zetu," nilisema. "Huu una mwenyewe, na nyuki wake watatumaliza."

Albano alikuwa amekodoa macho juu. "Kakamate mmoja."

"Kwa wavu?"

"Kwa nkono."

Nilidhani ananitania. Alipoona nimeganda, akapanda mwenyewe, akanyoosha mkono taratibu, akambana mmoja kati ya vidole viwili na kushuka naye. Mdudu alivuma kwa ghadhabu. Alikunja tumbo na kusukuma mkia kwenye ngozi ya Albano kama anayechoma kwa nguvu zake zote. Alikuwa na manyoya ya nyuki, rangi ya nyuki, na miguu minene ya nyuma kama ya nyuki aliyebeba chavua.

"Hana mwiba huyu," Albano alisema. "Hesabu mabawa."

Nyuki ana mabawa manne. Huyu alikuwa na mawili. Alikuwa nzi.

Sijui niwaeleze vipi nilivyojisikia. Nilikulia katikati ya warina asali, na mdudu huyu alinidanganya mchana kweupe kwa rangi, kwa sauti, na hata kwa ile hasira ya kuigiza. Silaha hana hata moja. Anacho kitu kimoja tu cha kumlinda, nacho ni kufanana na mwenye silaha. Niliona aibu, kisha aibu ikaondoka ukabaki mshangao mtupu.

Bwana Wadudu alimtazama kwenye lenzi mpaka chai yake ikaingia sisimizi. Alituambia wataalamu wa kwao wana vielelezo vichache mno vya nzi huyu, vyote vikavu, na hakuna mtu aliyewahi kuona anakokulia. Siku iliyofuata tukapanda wote watatu kwenye myombo. Shimo lilikuwa na maji meusi kama kahawa, yenye harufu ya majani yaliyooza, na ndani yake mlikuwa na funza wenye mikia. Mkia wa funza huyu ni mrija wa hewa. Yeye amelala chini kwenye tope anakula uozo, na mkia umesimama mpaka juu ya maji kuvuta pumzi. Maji yakiongezeka, anaurefusha. Yakipungua, anaufupisha. Kiangazi maji yakikauka, anajizika kwenye tope lenye unyevu kidogo na kungoja mvua, miezi na miezi. Nilimtazama nikasahau kwamba nimesimama juu ya tawi.

Wa kwanza tuliowapeleka kituoni walikufa wote, na tuliowaua ni sisi kwa usafi wetu. Tuliwabadilishia maji safi kila asubuhi, tukijiona watu wema. Bwana Wadudu ndiye aliyegundua kwamba chakula chao ni ule uchafu tunaoumwaga. Tangu hapo tulibeba maji ya shimo kwenye debe kwa baiskeli, na jikoni kituoni tukapigwa marufuku kukaribia. Tukatafuta miti mingine yenye nzi hao, Ruponda yote, tukavuka mpaka Malolo. Mashimo tuliyaona mengi, na mbu tuliwapata wa kutosha, lakini nzi wetu hatukumpata mahali pengine popote.

Mwaka uliofuata, mawingu yalipoanza kujikusanya, zamu ya msitu ule ikafika. Bwana Wadudu alikwenda kwa wakubwa wa shamba kuuombea mti. Alirudi masikio yamemwiva. Walikuwa wamemwuliza kama amekuja huku kulima karanga au kufuga nzi. Akaingia chumbani kwake, akafunga mlango.

Kilichokuwa bado kinausimamisha mti ule ni hofu ya nyuki. Madereva wa katapila hawakuogopa nyoka wala chui, ila nyuki waliwaogopa kweli, maana nyuki wa msituni anapoangushiwa nyumba yake hamwulizi mtu ametumwa na nani. Mti wenye alama ulipoonekana, ilikuwa desturi kumwita mwenye alama aje awafukize nyuki, achukue asali yake, ndipo mashine ipite. Kwa myombo ule walimwita Issa, mrina asali wa Malolo. Mimi na Albano tuliposikia tulitazamana. Tukisema wazi kwamba wale ni nzi, dereva hatakuwa na cha kuogopa na mti utalala. Tukinyamaza, Issa atalipasua shimo kwa shoka kutafuta asali, na nzi watakufa vilevile.

Tulidamka, lakini tulimkuta ametutangulia, shoka begani, mwenge wa majani makavu mkononi. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mchangamfu, na alitufahamu.

"Shikamoo, mjomba," nilisema.

"Marahaba. Mmekuja kuonja? Basi mna bahati. Zuhura wangu anaolewa, wakwe wanatoka Nkowe kwenu huko, na nimewaambia watakula asali ya nti nkubwa wa Ruponda. Kila ntu anajua."

"Issa, ndugu yangu," alisema Albano, "humo hamna asali. Humo mna nzi."

Issa alishusha shoka. "Wewe Mmakua, mimi nimeanza kurina wewe hujavuka hata Ruvuma. Leo unanambia Issa hamjui nyuki?"

"Sikusema humjui. Siku ulipokata alama, ulipanda ukatazama?"

Hakuwa amepanda. Baadaye alitueleza kwamba siku ile alimsikia mrina mwenzake akikohoa nyuma yake kichakani. Alisikia mvumo juu, akaona wanaruka, akakata alama haraka haraka kabla mwenzake hajafika. Warina wa huku wanajuana kwa wivu, na kosa kama lile angelifanya yeyote kati yao. Sasa alisimama anautazama mti, akasema kama anajisemea mwenyewe, "Ndege ndiye hakunileta hapa. Hata siku moja hakuniita kwenye nti huu." Alikuwa anamsema ndege wa asali, yule anayelia mbele ya mtu kumwongoza mpaka kwenye nyuki. Kwa warina ndege huyo hana makosa.

Albano alifungua kopo la maziwa. Ndani, juu ya vumbi la mti uliooza, lilikuwa ganda gumu rangi ya udongo lenye pembe mbili ndogo. Funza akikua anatoka kwenye maji, anajibanza pakavu kando ya shimo na kugeuka hivyo. Tulilichagua kwa sababu tangu jana yake macho ya nzi yalishaanza kuonekana meusi kupitia ganda, dalili kwamba amekaribia. Albano alilimimina kwenye kiganja cha Issa.

"Tukae," alisema.

Tukakaa chini sote. Jua lilipochomoza vizuri, ganda likatikisika. Kichwa chake kikafunguka kama kifuniko, akatoka kiumbe mweupe, mchovu, ameloa, mabawa yamekunjamana kama kitambaa kilichokamuliwa. Mtu asingemwogopa kwa lolote. Kisha mabawa yakaanza kunyooka taratibu. Rangi ikaja, kwanza kahawia ya mbali, halafu mistari. Manyoya yalipokauka yakasimama moja moja. Mbele ya macho yetu nzi alikuwa anavaa unyuki, na hakuwahi kumwona nyuki maishani mwake. Nani alimwonyesha? Nilimwuliza Mungu swali hilo kimoyomoyo pale pale, na sijaacha kumwuliza.

Halafu akavuma. Issa aliruka, mkono nusura umwangushe nzi.

"Aka!" alisema, kisha akaangua kicheko mpaka machozi yakamlenga. "Nimemwona anazaliwa nkononi mwangu, na bado nimemwogopa!"

Tulikuwa bado tunacheka tuliposikia katapila. Nzi alikuwa ameshaondoka kiganjani, amesimama hewani mbele ya uso wa Issa, hasogei mbele wala nyuma.

"Nikiwaambia ni nzi?" aliuliza.

"Mti unalala leo," nilisema.

"Wapo wengine kama hawa?"

"Tumetafuta mpaka kwenu Malolo. Hatujaona."

"Na wakwe zangu je?"

Jina la Issa lilikuwa limekaa kwenye lile shimo, na sisi tulikuwa tunamwomba aliache humo. Aliinuka, akauzima mwenge wake kwa kuusigina mchangani.

Dereva alikuwa Tomasi, Mmakonde mwenye kifua kipana, na wiki moja kabla nyuki wa kweli walikuwa wamemvimbisha uso hadi mkewe akamkana kwa utani. Nyuma yake alikuja msimamizi ndani ya gari. Issa akasimama katikati ya njia.

"Tomasi, bado! Asali haijaiva. Ukiwachokoza leo hawa, mimi simo."

Msimamizi alitoa kichwa dirishani, akaamuru mashine isogee. Tomasi akaisogeza, roho mkononi. Na hapo likatokea jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelipanga. Katapila ile ilikuwa mpya, njano ya kung'aa kuliko ua lolote la msituni. Nzi wa maua hupenda njano kuliko rangi zote. Wakashuka kutoka kwenye panda, mmoja, wa pili, halafu wengine, wakatua juu ya mashine na kuanza kuinusa kwa midomo yao kama wanatafuta asali kwenye chuma. Wengine wakasimama hewani usoni pa Tomasi, wakivuma.

Tomasi hakungoja maelezo. Aliruka chini na kukimbilia Ruponda. Msimamizi alipandisha vioo vya gari lote. Nzi mmoja akatua kwenye kioo chake, akakunja tumbo, akajitia kuchoma.

"Si nilisema!" Issa alipiga kelele, mikono kichwani. "Si nilisema!"

Msimamizi mwenyewe akaamuru mnyororo upitishwe kando. Myombo ukabaki na miti michache iliyouzunguka, peke yao katikati ya uwanja uliosafishwa. Albano aliketi chini akashika tama kwa mshangao. Mimi nililia, na wala sikujificha. Mashine iliyoangusha msitu wa babu zetu ilikuwa imegeuzwa njia na mdudu asiye na mwiba.

Harusi ya Zuhura ilifanyika, na wakwe walikula asali kidogo ya mti mwingine. Issa hakuwadanganya. Aliwaambia ya mti mkubwa haijaiva. Walicheka, na kicheko hicho hakikuisha. Kwa miaka yote ya hamsini, kila alipopita sokoni Ruangwa watu walimpigia kelele, "Issa, asali imeiva?" Naye mrina aliyekuwa na sifa kuliko wote Malolo alijibu, "Bado." Karanga zilishindwa, mashine zikaondolewa, Bwana Wadudu akarudi kwao na michoro yake ya funza wenye mikia. Kila mvua zilipoanza nilikwenda kwenye myombo kuwatazama nzi, na kila mwaka nilikuta alama ya shoka imekatwa upya, isije ikafutika watu wakaudhani mti hauna mwenyewe. Albano alipokuwa anakaribia kufa aliniuliza habari za watu wawili tu, mkewe na Issa.

Kisha nilihamishwa mbali, na Issa akafariki nikiwa huko. Mwezi uliopita, baada ya kuniaga kwenu, nilipanda basi mpaka Ruponda na kutembea. Kwa kweli nilijiandaa kukuta kisiki. Myombo ulikuwa umesimama, panda moja imekauka. Na kwenye gome, mikato miwili iliyopishana na mmoja chini yake ilikuwa mibichi, utomvu bado unatoka.

Mama mmoja wa makamo alikuwa akikusanya kuni karibu, panga kiunoni. Nilimsalimu, nikamwambia nilimjua mwenye alama ile. Akanitazama sana.

"Wewe ndiye yule wa nzi," alisema. "Mimi Zuhura."

Nikaanza kumweleza kwamba asali ile, siku ile ya harusi yake, kwa kweli baba yake hakuwa na kosa, kwamba ndani ya mti...

"Shh, mjomba." Aligeuka kutazama njiani, ambako wachoma mkaa wawili walikuwa wanapita na mashoka yao, macho yakiwa kwenye shina la myombo. Mmoja akasimama.

"Mama," aliita, "huo mti wenu, asali haijaiva tu?"

Juu ya vichwa vyetu nzi mmoja alikuwa amesimama hewani mbele ya shimo, anavuma.

"Bado," alijibu Zuhura.